Mwani Juu ya Mchanga

Mpwa wangu aliletwa kwetu Tanga wiki moja baada ya arobaini ya baba yake. Dada yangu alikuwa bado ndani ya eda kule Mkinga, shule zilikuwa zinafunguliwa, na wazee wakaona ni heri kijana akae kwa mjomba wake. Alikuwa na miaka 13. Alikuja na begi la shule lililojaa nguo, na mfuko mdogo wa kitambaa ambao hakumruhusu mtu kuushika. Alisalimia kwa adabu, alikula alichopakuliwa, alikwenda shule na kurudi. Zaidi ya hapo hakusema.

Sisi nasi tulifanya tunachokijua, tukamzunguka kwa maneno. Mke wangu alimpa pole, majirani wakampa pole, kila aliyepita barazani akamkumbusha kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba ya mama yake. Nami kila jioni nilimwita, nikamketisha uso kwa uso, nikamwuliza anaendeleaje. "Vizuri, mjomba." Macho yake yalikuwa kwenye ukuta ulio nyuma yangu. Nikizidisha maswali, anazidisha "vizuri".

Usiku mmoja wa Ijumaa niliwasha kompyuta nikamwekea filamu niliyoipenda tangu ujana wangu, The Black Stallion, ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Carroll Ballard. Niliikumbuka kama filamu ya mtoto na farasi tu, dume jeusi la Kiarabu linalozoeana na mvulana katika kisiwa kisicho na watu. Nilikuwa nimesahau kwamba baba hufa. Nilipokumbuka, tayari baba na mwana walikuwa kwenye meli, baba ameshinda karata na anamkabidhi mwanawe kisu cha mfukoni na kisanamu cha farasi, na mpwa wangu ameshakaa kitako sakafuni, magoti kifuani. Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha kuzima. Sikuzima. Mpaka leo sijui kama ulikuwa uamuzi au uzito wa mkono. Meli ikashika moto, ikazama, na mtoto akafikishwa pwani na bahari, akiwa ameshika kamba ya farasi aliyekuwa akiogelea mbele yake.

Kinachofuata ni karibu nusu saa isiyo na mazungumzo. Bahari inapumua, farasi anapumua, upepo, nyayo za mtoto kwenye mchanga. Alan Splet, aliyeihariri sauti ya filamu hiyo, alipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa kazi hiyo, na anayeitazama hajiulizi kwa nini. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, ambako mtafsiri huijaza filamu ya kigeni kwa sauti yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na ninaiheshimu sana kazi ile, maana ndiyo iliyotupa sinema sisi tusiojua lugha zake. Lakini hapa mtafsiri asingekuwa na neno la kutafsiri. Mpwa wangu, ambaye Kiingereza chake wakati ule kilikuwa cha kubahatisha, alikuwa sawa na mtazamaji yeyote wa New York.

Mtoto anamkuta farasi amenaswa kwenye miamba kwa kamba zake mwenyewe. Anazikata kwa kile kisu cha baba. Farasi anakurupuka, anatoroka, hata shukrani hakuna. Zinapita siku. Kila mmoja anatafuta chakula chake, kila mmoja anajua mwenzake yuko. Nyoka anamkaribia mtoto usingizini, farasi anakuja kumkanyaga, kisha anaondoka tena. Halafu inafika ile sehemu ambayo kwangu ndiyo filamu nzima. Mtoto anakusanya mwani, anamwekea farasi, anarudi nyuma. Farasi anasogea, anasita, anageuka, anarudi. Kamera haiwasogelei. Inawaacha mbali, vivuli viwili mbele ya bahari, na kati yao fungu la mwani.

Hapo ndipo mpwa wangu alipofungua kinywa.

"Ule ni wa kuokota," alisema. "Sio wa kupanda."

Nilichelewa kuelewa. Mama yake ni mkulima wa mwani. Huyu mtoto amekua akimfuata baharini siku za bamvua, maji yakitoka, kwenda kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Yeye hutambua kwa kuangalia tu mwani uliolimwa na ule uliotupwa na mawimbi. Katika sehemu ya filamu iliyopigwa Sardinia, juu ya farasi aliyezaliwa Marekani kwa damu ya Arabuni, alikuwa ameona kitu cha kwao. Nikataka kumrukia kwa maswali. Kitu fulani kwenye kile nilichokuwa nakitazama kilinizuia, nikasema tu, "Kumbe." Tukaendelea kutazama.

Nimewaza sana tangu usiku ule kwa nini hadithi hii ya kijana na farasi wa mwituni inasimuliwa tena na tena, na kwa nini inatushika hata sisi tusio na farasi. Sehemu kubwa ya nchi zetu farasi hakuweza kuishi: mbung'o walimuua kwa nagana, na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi ukawamaliza wengi waliobaki. Pwani yetu ni ya punda. Farasi tunamwona kwa polisi siku ya sherehe, au kwenye picha. Kwa hiyo haiwezi kuwa tunampenda kwa kumzoea. Tunachokitambua ni kitu kingine, na nadhani kinaanzia kwenye mwili wa mnyama mwenyewe.

Farasi ni mnyama wa kuliwa. Mababu zake walikuwa kitoweo cha simba na chui kwa muda mrefu kuliko walivyokuwa watumishi wa binadamu. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, isipokuwa ncha ya pua yake na nyuma ya mkia. Anaweza kusinzia amesimama, miguu tayari. Silaha yake kuu ni mbio, na hatari yoyote huijibu kwanza kwa kukimbia, halafu ndipo anapogeuka kuangalia ilikuwa nini. Anayemwendea moja kwa moja, uso kwa uso, macho yamemkodolea, anamwendea kama mwindaji. Wafunzaji wazuri wanajua hivyo. Humwendea kwa upande, hatua chache, na farasi akitulia tu wao ndio wanaorudi nyuma. Kule kurudi nyuma ndiyo zawadi yake. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba Aleksanda akiwa bado kijana alimweza Bucephalus, farasi aliyewashinda watu wazima wote, kwa sababu aliona kitu wasichokiona: farasi alikuwa anaogopa kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza alitazame jua.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili kuliko lugha nyingi ninazozisikia. Tunasema kumfuga mnyama, na hapo mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Lakini tunasema pia kuzoeana. Kale kasilabi "-na" mwishoni hakakubali mtu mmoja. Huwezi kuzoeana na asiyetaka kukuzoea. Utabaki umemzoea wewe tu, naye yuko kwenye miamba yake. Filamu nyingi za namna hii zinadai ni za kuzoeana, kumbe ukizikagua ni za kufuga. Mvulana anashinda, farasi anashindwa, muziki unapanda. The Black Stallion, katika ile nusu saa ya kisiwani, ni ya kuzoeana kweli. Hata siku mtoto anapompanda kwa mara ya kwanza, anampanda ndani ya bahari, ambako maji yamewapunguzia wote wawili uzito na ambako ardhi si ya yeyote kati yao.

Najua yanayofanyika nyuma ya kamera. Farasi mkuu, Cass Ole, alikuwa farasi wa maonyesho kutoka Texas, mpole na mwenye mafunzo, na alama zake nyeupe zilipakwa rangi nyeusi. Alisaidiwa na farasi wengine, na mfunzaji wao Corky Randall alikuwa mtu wa kazi hiyo tangu utotoni. Kelly Reno, aliyeigiza kama mtoto Alec, alitoka kwenye shamba la mifugo Colorado na alikuwa akipanda farasi kabla hajajua kamera. Haya hayanipunguzii kitu. Subira inayoonekana pale haikuigizwa. Mtu alikaa kweli na wale wanyama mpaka wakakubali kusogea na kusita mbele ya mwani.

Kitabu ambacho filamu ilitokana nacho kilitoka mwaka 1941. Walter Farley alianza kukiandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na labda ndiyo maana kina ile njaa ya kijana anayemtamani farasi asiye naye. Lakini katika kitabu baba hafi. Alec anarudi peke yake kutoka India, alikokwenda kumtembelea mjomba wake, na baba yake anamngoja nyumbani, salama. Waliotengeneza filamu ndio waliompandisha baba melini na kumzamisha. Nilipoligundua hili lilinishtua, kisha likanifungulia mlango. Ballard baadaye alitengeneza Fly Away Home, mwaka 1996, ya msichana aliyefiwa na mama yake katika ajali ya gari na akalea mabata bukini yasiyo na mama. Mwaka 2005 akatengeneza Duma, ya mvulana wa Afrika Kusini anayefiwa na baba. Filamu tatu, watoto watatu, misiba mitatu, na kila mara mnyama anaingia pale alipoondoka mzazi. Hachukui nafasi ya mzazi, kwa sababu mnyama hajui kulea binadamu. Anachofanya ni kumpa mtoto mwenzi wa kukaa naye asiyemwuliza kitu.

Katika desturi yetu mfiwa haachwi peke yake. Tunatandika mikeka, tunapika, tunalala naye matanga, na sitaki kuisema vibaya desturi hiyo, imeniokoa mimi mwenyewe. Ila nimeanza kuona kwamba imeshonwa kwa vipimo vya watu wazima. Mtu mzima anajua kulia mbele za watu. Kijana wa miaka 13 hajui. Hajawa mtoto wa kubebwa wala mtu wa kuketi na wanaume, na kila "pole" anayopewa inamdai jibu ambalo hana. Yule mtoto wa kisiwani hadaiwi jibu. Na farasi naye hadaiwi.

Mwaka ule ule wa 1941 kilitoka kitabu kingine, My Friend Flicka, cha Mary O'Hara, aliyeishi kwenye shamba la mifugo Wyoming. Humo mtoto anaitwa Ken, ni mzubaifu, anamchosha baba yake. Farasi jike aliyemchagua anajeruhiwa na seng'enge akijaribu kutoroka, kidonda kinaoza, baba anaamuru apigwe risasi. Ken anakwenda usiku kijitoni, anamkuta ameanguka majini, anakiinua kichwa chake na kukishika mpaka kunakucha. Hampi dawa, hana dawa. Filamu ya 1943 ilimfanya Ken kuwa Roddy McDowall; ile ya 2006 ikamgeuza kuwa msichana, Katy, akiigizwa na Alison Lohman, na mgogoro wote ukawa kati yake na baba yake juu ya nani ana haki ya kusema farasi huyu ni wa kufaa au wa kuuzwa. Ni filamu yenye mandhari nzuri na maneno mengi mno. Wahusika wanatueleza uhuru ni nini wakati farasi anakimbia mbele yetu.

Na kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Katika upigaji wa filamu hiyo ya 2006 farasi wawili walikufa. Mmoja alivunjika mguu ikabidi auawe, mwingine alianguka akavunjika shingo. Walikuwa wanapigwa picha za mashindano ya farasi wa mwituni, yaani zile ambazo hadithi yenyewe inatutaka tuzichukie kwa ukatili wake. Nikiwaonyesha watoto filamu hiyo nawaambia. Wanastahili kujua kwamba upendo unaoonekana kwenye kioo ulilipiwa na wanyama wasioulizwa.

Hata neno "mwitu" lina mushkeli wake. Farasi wa asili wa Amerika walitoweka maelfu ya miaka iliyopita. Hawa wanaoitwa mustang ni wajukuu wa farasi walioletwa na Wahispania kwa meli, wakatoroka au wakaachwa, na jina lao linatokana na neno la Kihispania la mnyama aliyepotea, asiye na mwenyewe. Si wa mwituni tangu mwanzo. Ni waliorudi mwituni. Katikati ya karne ya 20 walikuwa wakiwindwa kwa ndege na malori, wakapelekwa kuwa chakula cha mbwa. Mwaka 1950 mwanamke mmoja wa Nevada, Velma Johnston, akiwa njiani kwenda kazini, aliona damu inatiririka kutoka lori lililokuwa mbele yake. Akalifuata. Aliyoyaona yalimfanya akawa mpiganaji, na jeshi lake likawa watoto wa shule, waliowaandikia wabunge barua kwa mafungu. Sheria ya kwanza, ya kukataza kuwawinda kwa magari na ndege, ilipita mwaka 1959, na ile kubwa ya kuwalinda ilitiwa sahihi mwaka 1971. Nadhani wengi wa watoto wale hawakuwahi kumgusa farasi wa mwituni, walikuwa wamesoma tu. Leo bado farasi hao wanakusanywa kwa helikopta kwa sababu nyika haiwatoshi na mifugo inagombea malisho yale yale, na maelfu kwa maelfu wanaishi kwenye mazizi ya serikali wakingoja kuchukuliwa. Filamu za familia hazifiki kwenye mazizi hayo.

The Black Stallion nayo, baada ya kisiwa, inarudi mjini. Wavuvi wanamwokoa Alec, farasi anaifuata mashua kwa kuogelea, na huko nyumbani wanakutana na mzee Henry, aliyeigizwa na Mickey Rooney, mfunzaji wa zamani aliyesahauliwa. Kuna uwanja wa mbio, kuna watu elfu wanaopiga kelele, kuna ushindi. Mpwa wangu alishangilia mwisho wa mbio, nami nilifurahi kumwona ameinua mikono. Lakini kwangu ile nusu ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Yule aliyekuwa hana mwenyewe amepewa hatamu, tandiko na dau. Nilikuwa nawaona bado ufukweni, nikijiuliza kama hadithi yao ingeweza kuisha vingine.

Ilimchukua Ballard miaka 26 kulijibu swali hilo, na alilijibu kwa neno la Kiswahili. Duma ilitokana na kitabu cha familia ya Kenya iliyomlea duma yatima nyumbani kwao. Kwenye filamu mvulana Xan, baba amekufa, shamba linaondoka, mama anahamia mjini, na duma aliyekua kitandani mwao hana tena mahali. Kijana anaondoka naye, kwenye pikipiki ya baba yake, kuvuka jangwa kumrudisha alikotoka. Humo njia inakwenda kinyume: kisiwa kiko mwisho. Kumzoea mnyama lilikuwa jambo rahisi, walilala pamoja tangu duma ni kitoto. Kilicho kigumu ni kurudi nyuma hatua ya mwisho, ile ambayo mwenzako hatakufuata. Niliitazama peke yangu kwanza, mara mbili, kabla ya kumwonyesha mpwa wangu, na nilingoja mwezi mzima.

Katika mwezi huo niliacha kumwita barazani. Nilitoka mwenyewe jioni, nikakaa na kahawa yangu, nikiangalia barabara. Nikimsikia mlangoni sikugeuka. Siku za kwanza alisimama, akarudi ndani. Siku nyingine alikaa ngazini, mbali. Siku nyingine alikaa upande wa pili wa baraza, naye akaangalia barabara, tukazungumza habari za timu na bei ya pweza. Mke wangu aliniuliza kama nimemtelekeza mtoto wa dada yangu. Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Duma tuliitazama Ijumaa nyingine. Xan alipopanda pikipiki ya baba yake, mpwa wangu aliinuka, nikadhani anakwenda kulala. Alikwenda chumbani, akarudi na ule mfuko wa kitambaa, akakaa nao mapajani mpaka filamu ikaisha. Hakusema kitu, nami sikusema.

Kesho yake jioni alitoka barazani kabla yangu. Nilipofika hakuwapo, lakini mahali ninapokaa palikuwa na penseli ya fundi seremala, ile bapa, nyekundu, iliyochongwa kwa kisu. Mwisho wake ulikuwa na alama za meno. Shemeji yangu alikuwa akiibana mdomoni kila anapopima ubao. Sijui nilimwona akifanya hivyo mara ngapi, na nilikuwa nimesahau kabisa. Kijana alikuwa amesimama ndani ya mlango, upande wa giza, nilimsikia anavyohema.

Nilikaa pembeni ya penseli bila kuigusa. Watu walipita wakasalimia, nikaitikia. Kahawa ikapoa. Adhana ya magharibi ilipokwisha niliichukua ile penseli, nikaishika kwa vidole viwili kama alivyokuwa akiishika baba yake, na kutoka mlangoni nikasikia hatua moja.

"Hiyo ndiyo ya kabati la mama," alisema.

Nikasogea kidogo, nikampisha nafasi.